BALETI, NGOMA NA UMRI: NANI KASEMA UMESHAPITWA?

Leo naomba tuachane kidogo na siasa na mpira, tuongelee kucheza. Sio kucheza bao, kucheza kwa mwili. Kwa wale ambao dakika zao za kafe zinahesabika, jibu fupi ni hili: kujifunza baleti ukubwani inawezekana, ila lazima ujue unatafuta nini. Wenye muda, twende taratibu.

Nianzie nyumbani Nyamwage, pale njia panda ya kwenda Utete, ambapo mabasi ya Lindi na Mtwara yakipunguza mwendo watu wanakimbilia madirishani na korosho. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na ngoma ya kumtoa mwali. Mama yangu mkubwa, wakati huo kashavuka miaka 60, akaingia katikati. Jamani, alicheza kuwashinda wasichana wote waliokuwepo. Magoti yamelegea, mgongo umetulia, kiuno kinafanya kazi peke yake utadhani hakijuani na mabega. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi nikaona aibu. Nikamfuata nikamnong'oneza, "Mama mkubwa, kaa basi, utaanguka bure. Umri huu sio wa kurukaruka." Akacheka, akakaza khanga, akakaa. Ngoma iliyofuata hakuingia. Na iliyofuata nayo hakuingia. Nilikuja kuelewa nilichokifanya baadaye sana, na walionifumbua macho, mtake msitake, ni watu wa baleti.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu video ya mabinti wa baleti wakizunguka kama pia. Nikamwambia hayo ni mambo ya watoto wa Ulaya. Usiku nikaiangalia tena peke yangu, mara nne nzima. Wakati huo nilikuwa na miaka 38. Kesho yake nilikuwa chumbani nimeshika nondo za dirisha, najaribu kukunja magoti kama wale mabinti. Tangu hapo nimesoma, nimefanya mazoezi, nimeumia, nimepona. Haya hapa ndo niliyoyapata.

BALETI NI NINI HASA?

Ilizaliwa kwenye majumba ya watawala wa Italia karne ya 15, kisha ikahamia Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis XIV, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, alianzisha chuo cha kifalme cha kucheza jijini Paris. Ndo maana mpaka leo, uwe Moscow, Havana au Nairobi, mwalimu wa baleti anataja hatua kwa Kifaransa.

Na vile viatu vya kusimama kwenye ncha za vidole? Watu wengi wanadhani ndo baleti yenyewe. Hapana. Vilivuma kutokana na mchezaji Marie Taglioni, aliyecheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 150 baada ya kile chuo cha mfalme, baleti ilikwenda vizuri tu bila mtu kuwa maarufu kwa kusimama kwenye ncha. Hata leo watoto huwa hawavivai mpaka wafikie kama miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya kuimarisha miguu. Kwa hiyo wewe uliyevutiwa na picha, usije ukaagiza viatu vile ukavivaa siku ya kwanza. Utavunjika.

DARASANI KUNAFANYIKA NINI?

Hapa ndipo nilipopata mshangao. Nilidhani ni siri kubwa, kumbe ni vitu vidogo vinavyorudiwa mpaka vinakaa mwilini. Darasa linaanza umeshika bomba lililofungwa ukutani. Hatua ya kwanza inaitwa plie: unakunja magoti taratibu, mgongo wima, kisha unanyooka. Inafuata tandu: mguu unateleza sakafuni mpaka zinabaki ncha za vidole tu zinagusa chini, kisha unarudi. Kuna releve: unainua visigino na kusimama kwenye vidole. Baadaye mnaacha bomba, mnakuja katikati ya chumba kufanya yaleyale bila kushika kitu. Kuruka kunakuja mwishoni, mwili ukishapata moto.

Sasa sikilizeni hii. Yule bingwa mnayemuona kwenye jukwaa kubwa, leo asubuhi ameanza na plie ileile anayoanza nayo mtoto wa miaka 7. Kila siku, miaka nenda miaka rudi. Sababu ni rahisi: huwezi kuruka bila kukunja goti kwanza, na huwezi kutua salama bila kulikunja tena. Goti likiwa gumu wakati wa kutua, uzito wote unagonga kwenye mifupa.

Mimi niliumia kwa ujinga wangu. Kwenye picha wanageuza miguu, kidole kimoja kinatazama mashariki na kingine magharibi. Nikajilazimisha. Goti likavimba wiki mbili. Kumbe kule kugeuza hakutoki kwenye nyayo, kunatoka juu kwenye nyonga, na kiasi cha kufunguka kwake kinategemea mfupa wako ulivyoumbwa. Ukigeuza nyayo kuzidi nyonga zako, goti lililo katikati ndo linasokotwa. Kanuni yake ni hii: ukikunja goti, lielekee kule kinakoelekea kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, punguza.

UMRI: UKWELI BILA KUPAKA MAFUTA

Nisiwadanganye. Baleti ya kazi, ya kulipwa mshahara, inataka uanze mtoto. Wengi wanaanza kabla ya miaka 10. Mmarekani Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13 na wakasema kachelewa, lakini mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Na kustaafu nako kunawahi: pale Opera ya Paris wachezaji wanastaafu wakiwa na miaka 42. Kwa hiyo kama una miaka 25 na ndoto yako ni Paris, gari hilo limeshaondoka.

Lakini kazi na kujifunza ni vitu viwili tofauti! Mbona tunacheza mpira mchangani na hakuna anayetuuliza kama tutasajiliwa Simba au Yanga? Uingereza, taasisi ya Royal Academy of Dance ina madarasa yanayoitwa Silver Swans, ya watu wenye miaka 55 na kuendelea. Wazee watupu wamepanga mstari, wanakunja magoti. Na kule Kuba alikuwepo Alicia Alonso, aliyezaliwa mwaka 1920. Macho yalianza kumsumbua akiwa kijana, akabaki karibu kipofu, lakini alicheza jukwaani hadi alipopita miaka 70. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 98.

Mtu mzima ana shida zake, sikatai. Viungo vimekaza, na ukiumia unachelewa kupona. Ila ana kitu ambacho mtoto hana: akielezwa sababu anaelewa, na hakuna mzazi aliyemlazimisha kuja. Kaja mwenyewe kwa kupenda.

"HAYO NI YA WENYE PESA"

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika hivyo. Subiri kwanza. Nairobi, katika mtaa wa Kibera, mwalimu wa Kikenya Mike Wamaya alifundisha baleti watoto wa shule ndani ya darasa la kawaida. Madawati yanatolewa nje, sakafu inafagiwa, mazoezi yanaanza. Hakuna bomba ukutani wala vioo. Picha zao zilizunguka dunia nzima.

Mwingine ni Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa Kuwinda, hukohuko Nairobi, katika maisha ya kubana. Alifundishwa na Dance Centre Kenya, Desemba 2016 akacheza katika The Nutcracker jijini Nairobi, baadaye akapata nafasi ya kusoma London katika English National Ballet School. Sisemi kila mtoto wa Rufiji atafika London. Ninachosema ni kwamba ukosefu wa ukumbi sio sababu ya kutoanza. Na anayetaka kusomea sanaa ya kucheza hapahapa Bongo, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981, na toka 2007 kinaitwa TaSUBa.

Ukitaka kujaribu nyumbani, fanya hivi:

1. Tafuta kitu kisichoyumba cha kushikia, kama nondo za dirisha au meza nzito. Kiti cha plastiki hapana.
2. Usifanye juu ya mkeka wala na soksi kwenye sakafu ya saruji laini, utateleza. Peku inatosha.
3. Anza na dakika 20, mara 3 kwa wiki. Plie, tandu, releve. Polepole, huku unahesabu.
4. Maumivu ya misuli siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti au kifundo cha mguu sio kawaida, acha hapohapo. Mwenye presha au anayepata kizunguzungu amuone daktari kwanza.

TURUDI KWA MAMA MKUBWA

Baada ya miezi kadhaa ya nondo za dirisha ndipo nilipomkumbuka. Magoti yaliyolegea, mgongo uliotulia, kutua bila kishindo... vitu nilivyokuwa navitolea jasho chumbani, yeye alikuwa navyo siku zote! Tofauti ipo, ndiyo. Baleti inavuta mwili kwenda juu kana kwamba ardhi inachoma, ngoma yetu inaushusha ardhini. Baleti inataka kiwiliwili kikae kimoja, ngoma inakipa kila kiungo kazi yake. Lakini msingi ni uleule: goti, mgongo, na kurudia mpaka mwili ukumbuke wenyewe. Mama mkubwa alikuwa na mafunzo ya zaidi ya miaka 40. Na mimi nikamkalisha.

Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003. Wazee 469 waliopita miaka 75 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa kuona nani anapatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Katika mazoezi yote ya mwili yaliyoangaliwa, ni kucheza dansi tu kulikoonekana kuendana na hatari ndogo ya ugonjwa huo. Utafiti huo hauthibitishi kwamba dansi ni dawa, inawezekana wenye afya ndo wanaoendelea kucheza. Ila mimi uliniuma. Na la miguu halihitaji utafiti, mguu usiotumika unanyong'onyea, na mzee mwenye miguu dhaifu ndiye anayeanguka. Mimi nilimkalisha asianguke!

Na tusisahau Bi Kidude wa Zanzibar. Mpaka uzee wake wa mwisho alipiga ngoma ya unyago akiwa ameifunga kiunoni, na mwaka 2005 dunia ikampa tuzo ya WOMEX. Alifariki Aprili 2013, akiaminika kuwa na umri wa karibu miaka 100. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Nilikwenda Nyamwage nikamuomba radhi mama mkubwa, na nikamuomba anifundishe. Akanitazama, akasema, "Mimi nilijua mmeshanizika." Kisha akaniambia nisimame nimuonyeshe ninachokijua. Nikaonyesha plie yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Unasimama kama mtu anayesubiri basi la Lindi. Legeza!" Siri za unyago sizitoi hapa, msiniulize. Ila siku hizi anacheza mizunguko miwili tu, halafu anatafuta pa kukaa. Zamani alikuwa anakesha. Ile miaka sita aliyokaa pembeni kwa ajili ya maneno yangu, mazoezi ya dirishani hayatamrudishia.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa, kama unataka kuanza baleti, sindimba, mdundiko au chochote kile, anza leo na ulivyo. Na kwenye sherehe ijayo ukimuona mama yako kaingia katikati, tafadhali usimfuate. Kama unamfuata, basi mfuate ukacheze naye.

Naomba kutoa hoja. Maoni ruksa, matusi hapana!