Gari la Waya Halirithiwi Kabatini

Mtoto wa Malindi au Kilifi, pwani ya Kenya, aliyekulia miaka ya 1980 hakungoja duka limpe gari. Waya uliookotwa ulikunjwa ukawa bodi, soli ya ndara kuukuu ikakatwa magurudumu, na usukani mrefu ukamwezesha dereva kuliendesha akiwa amesimama wima. Mnazi ulileta mengine: kumbi likawa dau lenye tanga la jani, ukuti ukasukwa saa, miwani na feni inayozunguka kwenye kijiti cha ufagio. Tiara ilifungwa kwa njukuti, karatasi ikabandikwa kwa ugali. Ugali wenyewe, tuseme ukweli, aghalabu ulichotwa sufuriani mama akigeuka.

Mengi ya haya yamepungua sana. Plastiki za dukani ni rahisi kununua, na malighafi nayo hubadilika. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Ilikuwa nafuu kwa bahari na mifugo. Lakini mpira wa makaratasi, ule wa mifuko iliyoshindiliwa na kufungwa kamba hadi ikaviringana, uliishiwa na nyenzo, na matambara yakarudi uwanjani.

Kuna pia urithi wa pwani hiyo uliopotea kwa kuibwa: vigango vya Wagiriama, nguzo za kumbukumbu za wazee wa jumuiya ya Gohu, viliibwa mabomani na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, yalikubali kurudisha 30. Lakini hakuna aliyewahi kuiba miwani ya ukuti. Hunyauka kwa siku chache, kwa hiyo mkusanyo wake haukai kabatini bali vidoleni.

Tena vidole hivyo si vya wazazi. Ufundi huu ulishuka kutoka kwa mtoto wa miaka 10 hadi kwa wa miaka 6, barazani au chini ya mwembe, bila mtu mzima kuitwa. Ndiyo sababu ulikuwa rahisi kukatika: kundi moja la wakubwa likiacha kusuka, wadogo hawana wa kumtazama.

Daraja la kuunganisha tena vizazi limetoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 huwataka watoto watengeneze vitu kwa nyenzo za mazingira yao, na kazi hizo za nyumbani humwangukia hawe au tsawe, yaani bibi au babu kwa Kigiriama, ambaye bado anakumbuka kukunja ukuti. Wazazi wengi wamelalamika, na wana haki: kazi nyingine humalizwa na mtu mzima saa nne za usiku, mwanafunzi akiwa amelala.

Walimu wa Kilifi wangefanya vyema kumwalika hawe darasani, ukuti mbichi ukagawanywa, na kila mtoto akasuka miwani yake, hata ikipinda.