Mtoto wa Pili Amewahi: Mpokeeni kwa Joto



Mtoto wenu wa kwanza alizaliwa kwa wakati wake. Alilia kwa nguvu. Alinyonya siku ile ile. Mama akarudi nyumbani, na majirani wakaja kutoa hongera. Sasa mama ana mimba ya pili, nanyi mnadhani mambo yatakuwa yale yale. Mnasema, "Bado miezi miwili. Tutavuna mahindi kwanza, ndipo tununue nguo za mtoto." Mara usiku mama anashikwa na uchungu. Mtoto anazaliwa mdogo sana. Mahindi bado yako shambani.

Mtoto huyo huitwa njiti. Mimba huchukua wiki 40 hivi. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, ni njiti. Hakulaaniwa wala hakurogwa. Ni mtoto ambaye hajamaliza kukua. Ngozi yake ni nyembamba, mwili wake hauna mafuta, mapafu yake hayajakomaa, na pengine hana nguvu za kunyonya. Wengi wa watoto hawa huweza kuishi na kukua vizuri, mkijua namna ya kuwapokea.

MANENO YA WATU

Kabla ya yote tuzungumze juu ya vidole vya majirani. Baba alikuwa mbali, pengine alikwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta kazi. Alirudi mwezi fulani. Mtoto anapozaliwa mapema, watu huanza kuhesabu miezi kwa vidole. Hesabu haitimii. Maneno yanaanza, na nyumba inaingia moto.

Ndugu baba, usisikilize kisimani. Nenda kamwulize mkunga. Mkunga humtambua njiti kwa kumtazama. Masikio yake ni laini na hujikunja kwa urahisi. Nyayo zake hazina mikunjo mingi. Uzito wake nao utaonekana kwenye mzani, na kadi ya kliniki ina tarehe. Jambo hili si dogo. Mama mwenye hofu na huzuni maziwa yake hutoka kwa shida, na maziwa hayo ndiyo uhai wa mtoto.

Tena wako wanaosema kwamba mtoto wa miezi saba hupona, lakini wa miezi minane hufa. Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea nguvu. Wa minane ana nafasi nzuri kuliko wa saba.

Kwa nini amewahi? Mara nyingi hata waganga wa hospitali hawapati sababu. Lakini zipo sababu zinazojulikana. Malaria ni mojawapo, na sisi wa Korogwe tunaifahamu malaria kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2010 watafiti walifuatilia wajawazito wa wilaya hii, ili wajue jinsi malaria inavyomdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mjamzito alale ndani ya chandarua, na ameze vidonge vya SP anavyopewa kliniki. Sababu nyingine ni shinikizo la damu, magonjwa ya njia ya mkojo, na mimba ya mapacha. Nyingine ni kubeba mimba haraka baada ya kujifungua. Yafaa mtoto wa kwanza atimize angalau miaka miwili kabla mama hajashika mimba nyingine.

DALILI ZIKITOKEA MSINGOJE ASUBUHI

Mjamzito akitokwa na maji au damu, au tumbo likimkaza mara kwa mara kabla ya wakati, aende hospitali saa ile ile. Msiseme, "Huyu ameshazaa, anajua." Akiwahi kufika, waganga wanaweza kumpa sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto yakomae. Sindano hiyo haitolewi nyumbani.

Nambari 115 ni ya mpango wa m-mama. Hupigwa bila malipo, na hutafutwa gari la kumpeleka mama au mtoto mchanga mwenye hatari. Iandikeni ukutani kwa mkaa. Watu wa Kilole hawako mbali na hospitali ya Magunga, lakini wenzetu wa ndani kule Handeni wana safari ndefu, nao ndio wanaihitaji zaidi.

Mtoto akizaliwa njiani au katika zahanati, asisafirishwe ndani ya kikapu. Asafiri juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi.

KIFUA CHA MAMA, NA CHA BABA

Mwaka 1978 hospitali moja ya mji wa Bogotá, katika nchi ya Colombia, ilikuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwapatia joto. Daktari Edgar Rey akawaambia kina mama wawabebe watoto wao kifuani, mchana na usiku. Huduma hiyo ikapewa jina la kangaruu, mnyama wa Australia anayelea mtoto wake ndani ya mfuko wa tumboni.

Zamani ilidhaniwa kwamba hiyo ni njia ya hospitali maskini tu. Sasa inajulikana vingine. Uchunguzi mkubwa ulifanywa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwa mojawapo, pale Muhimbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Watoto wadogo sana waliowekwa kwanza kwenye mashine, wakapelekwa kifuani baadaye, walikufa kama 16 katika kila 100. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo ifuatwe kila mahali.

Hufanywa hivi. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Mama afungue kifua. Mtoto awekwe wima katikati ya matiti, kifua juu ya kifua, miguu ikunjwe kama ya chura. Kichwa kielekee upande mmoja, na pua ionekane. Kisha afungwe kwa khanga safi, imara, na mama avae nguo yake juu. Mama anaweza kukaa, kula, hata kutembea polepole. Akilala, aegemee mito, asilale chali. Asipike huku amembeba mtoto. Moshi na moto ni hatari.

Afanye hivyo kwa saa ngapi? Angalau saa 8 kwa siku, na zikifika 24 ni bora zaidi. Mama peke yake hawezi. Atataka kuoga, na atataka kulala. Hapo ndipo kifua cha baba kinapotakiwa, au cha bibi. Najua baadhi ya wanaume watacheka. Wacheke, lakini wafungue mashati. Joto la kifua cha mwanamume ni lile lile.

Pengine utauliza, "Korogwe yetu ina joto, mtoto atapataje baridi?" Jua la Korogwe lisikudanganye. Njiti hupoa hata wakati wewe unatoka jasho, na usiku wa mwezi Juni au Julai hupoa zaidi. Mfugaji wa kuku anajua kwamba kifaranga aliyepigwa na baridi hujikunyata, wala hali. Mtoto naye ni hivyo. Akipata baridi, nguvu zote huishia katika kutafuta joto, na haongezeki. Msimwogeshe haraka, ngojeni mkunga aseme. Wala msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa huua mama na mtoto pamoja.

MAZIWA

Wafugaji huyaita maziwa ya kwanza ya ng'ombe dang'a. Sisi mabwana shamba tumehubiri miaka mingi kwamba ndama asikose dang'a. Ajabu ni kwamba mtu anayelijua hilo zizini, akifika nyumbani huambiwa maziwa ya kwanza ya mkewe ni machafu, yamwagwe. Msiyamwage. Yale ya njano ndiyo kinga ya mtoto.

Ikiwa mtoto hawezi kunyonya, mama ayakamue kwa mkono safi ndani ya kikombe safi, naye mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, polepole, kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Wauguzi watamfundisha mama. Wakati mwingine hutumiwa mpira mwembamba wa kupitisha maziwa hadi tumboni. Msitumie chupa. Msimpe maji, uji, wala dawa za mitishamba. Kitovu kisipakwe majivu wala samadi.

YULE MTOTO WA KWANZA

Mara ya kwanza mama alikuwa na mtoto mmoja tu wa kufikiria. Safari hii yuko hospitali, pengine kwa wiki kadhaa, na nyumbani kuna mwingine anayemlilia. Kina mama wengine huomba kutoka mapema kwa sababu hiyo, na mtoto mdogo hupotea. Kwa hiyo mimba ikifika miezi sita, kubalianeni nyumbani. Nani atakaa na mkubwa? Nani atachota maji, atapalilia, atapeleka chakula hospitali? Wekeni akiba ya fedha za safari. Fueni khanga mbili na kuziweka tayari. Haya ni ya baba kwanza, si ya shemeji.

Mdogo akifika nyumbani, mkubwa asifukuzwe kama mbuzi aliyeingia jikoni. Mwosheni mikono kwa sabuni, akae karibu, aguse miguu ya mwenzake. Akiwa na mafua, angoje kwanza apone.

Wageni nao wana hamu. Waje na kuni, unga na maharage, wasalimie kutoka mlangoni. Wasimbebe mtoto wala wasimbusu. Sherehe inaweza kungoja mpaka mtoto aongezeke uzito. Hakuna atakayelala njaa kwa kukosa pilau ya siku moja.

Mrudisheni mtoto hospitali mara moja akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida, akipata degedege, akiwa wa baridi au wa moto kuliko kawaida, au macho na nyayo zikiwa za manjano.

Mama aliyeajiriwa, pengine kwenye mashamba ya mkonge, ajue kwamba Januari 2025 Bunge lilibadili sheria za kazi. Anayejifungua njiti huongezewa likizo ya uzazi. Apeleke kwa mwajiri karatasi ya hospitali.

Kliniki msiiache. Chanjo huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, isipokuwa mganga akisema mojawapo ingoje. Lakini kukaa, kutambaa na kusimama huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kama aliwahi miezi miwili, basi akiwa na miezi minane mtazameni kama mtoto wa miezi sita. Kaka yake alikuwa anatambaa umri huo. Yeye bado anajifunza kukaa, na ni sawa.