Uache Uso Upone

Kuna dalili moja ambayo wengi huipuuza: maji matupu kuchoma. Unanawa uso asubuhi bila sabuni wala dawa yoyote, na mashavu yanawaka. Losheni uliyoitumia mwaka mzima bila shida sasa inawasha. Ngozi inang'aa, lakini imekaza, na ikifika jioni magamba madogo yanabanduka pembeni mwa pua. Kwenye ngozi nyeupe ungeona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha; huonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliozidi kidogo. Ndiyo maana wengi wetu hatujui kwamba tumeumia mpaka madoa yatokee.

Kilichoumia ni tabaka la juu kabisa la ngozi. Unene wake ni mikromita 10 hadi 20 hivi, yaani sehemu moja au mbili kati ya mia za milimita. Seli zake zimekufa, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu matangazo ya vipodozi yametuzoesha kuziona seli zilizokufa kama uchafu. Sivyo. Seli hizo zimekufa zikiwa kazini. Daktari wa ngozi Peter Elias, wa San Francisco, alilifananisha tabaka hili na ukuta: matofali ni seli bapa zilizojaa keratini, na saruji ni mafuta yaliyo katikati yake. Takribani nusu ya mafuta hayo ni seramaidi, robo ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya yaliyobaki ni asidi za mafuta. Ukuta huu huzuia maji ya mwilini yasivukie nje, na huzuia vijidudu, sabuni na manukato visipenye ndani. Seli za juu huachia zenyewe kidogo kidogo kila siku, huku nyingine zikipanda kutoka chini. Uso ambao haujawahi kusuguliwa kwa chochote bado unajisafisha.

Sisemi kwamba kila kinachoondoa seli ni kibaya. Mwaka 1974 Eugene Van Scott na Ruey Yu walionyesha kwamba asidi zinazopatikana kwenye matunda na maziwa huwasaidia wagonjwa wenye ngozi ya magamba mazito. Ilikuwa tiba, na bado ni tiba kwa baadhi ya watu. Madhara huja kwa kurundika: sukari ya kusugulia asubuhi, dodoki bafuni, serumu ya asidi ya glaikoliki usiku, retinoli juu yake, na asidi ya salisiliki kwa ajili ya chunusi. Hata singo ya pwani, ambayo bi harusi husingwa nayo, ni ya mwili na ya siku maalumu, si kazi ya kila usiku usoni.

Limao nalo lazima nilitaje, kwa kuwa linasifiwa mno. Kipimo cha pH cha maji yake ni karibu 2, wakati uso wenye afya uko karibu na 5. Tofauti hiyo ya hatua tatu maana yake ni ukali wa asidi mara 1,000. Isitoshe, ndimu na limao zina kemikali zinazoamshwa na jua zikaiunguza ngozi, na moto huo huacha alama nyeusi za muda mrefu.

Alama hizo ndizo kiini cha mtego. Ngozi nyeusi ikivimba au kuungua, hata kidogo, seli zinazotengeneza melanini hujibu kwa kuzalisha rangi zaidi. Doa linatokea. Mwenye uso analiona doa, anaongeza kusugua ili alitoe, na kusugua kunaleta uvimbe mpya ambao nao unazaa doa jingine. Nimeona watu wakiendelea hivi kwa miaka, wakitumia fedha nyingi, wakijilaumu kwamba ngozi yao ni mbaya. Ngozi yao haina ubaya wowote. Haijapewa nafasi.

Ikipewa, hushika kazi mara moja. Dakika chache tu baada ya ukuta kuharibiwa, seli za chini yake huanza kumwaga mafuta mapya. Kwa kijana mwenye afya, jeraha dogo la mara moja huwa limefika karibu nusu ya kupona ndani ya siku ya kwanza, na humalizika kwa siku chache. Mzee huchukua muda mrefu zaidi. Lakini uso uliosuguliwa kwa miezi si jeraha la mara moja. Huo unahitaji wiki kadhaa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu ni kuacha. Acha skrabu, dodoki, brashi, asidi, retinoli na manukato, vyote kwa pamoja. Sabuni ya mche nayo iache, maana pH yake kwa kawaida ni 9 au 10. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, na usiku kisafishaji laini kisicho na harufu kinatosha. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka krimu yenye glisirini na seramaidi. Kama fedha ni ya shida, mafuta ya mgando yasiyo na harufu ni msaada mkubwa, nami nayatetea bila kusita. Utafiti wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba hayakai juu tu kama kifuniko. Huingia kati ya seli za tabaka la juu na huiacha ngozi iendelee kujijenga. Paka kidogo sana, hasa kama una chunusi.

Mafuta ya zeituni ni habari nyingine. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 2013 kwamba yanaudhoofisha ukuta huo, ilhali ya alizeti hayakufanya hivyo.

Jua lizuie kwa kofia, kivuli na sunskrini yenye SPF 30 au zaidi. Yenye zinki oksaidi mara nyingi huchoma kidogo kuliko nyingine, na ile yenye rangi ya ngozi ina oksidi za chuma zinazozuia mwanga wa kawaida, ambao nao huongeza weusi wa madoa.

Usikimbilie krimu za steroidi kama betamethasoni au klobetasoli zinazouzwa holela madukani. Siku ya pili utaona uso umetulia, na hapo ndipo penye hatari: zikitumiwa kwa wiki nyingi hupunguza unene wa ngozi na kuleta chunusi, na ukiziacha muwasho hurudi kwa nguvu.

Uso ukikaa wiki mbili bila kuchoma, unaweza kurudisha kitu kimoja, usiku mmoja kwa wiki, ukiutazama. Ukiona usaha, malengelenge au uvimbe wa macho, au wiki nne zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari wa ngozi, kwani huenda ni ukurutu au mzio. Beba chupa na makopo yote uliyotumia, hata ya mkorogo usiopenda kuutaja, kwa sababu daktari asiyejua umepaka nini atakuwa anakisia.