Miezi Tisa, Orlando, na Yaya Asiyemjua

Walt Disney World ilifunguliwa karibu na mji wa Orlando, jimboni Florida, tarehe 1 Oktoba 1971, na sasa ina bustani nne kubwa za burudani. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi, kwa hiyo wazazi wengi hubeba hata wa miezi tisa. Jioni wakitaka kutoka wawili, humwita yaya hotelini, maana vituo vya watoto vya mahotelini kwa kawaida hupokea waliokwisha kuacha nepi. Hapo ndipo sayansi ina la kuwaambia: huo ni umri mgumu sana wa kumkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua.

Mtoto wa miezi mitatu hupokewa na karibu yeyote akatulia. Kuanzia miezi sita hadi minane hivi mambo hubadilika. Sura za nyumbani na za wageni zimeshajitenga akilini mwake, na ameanza kuelewa kuwa mama aliyetoka mlangoni bado yupo mahali fulani. Anajua ameachwa, lakini hajui kuwa atarudiwa. Basi analia, na kilio hicho si kudeka. Ni akili inayokua inavyopaswa.

Sehemu kubwa ya elimu hii ilichimbuka Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anatembelea familia 26 za Waganda vijijini, yeye na mkalimani wake, akikaa nao na kutazama. Mtoto anatambaa kufuata kitu, anageuka kumwangalia mama, anaendelea. Mgeni akisogea, anarudi mbio kumshika mama nguo. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967.

Baadaye, huko Baltimore, Ainsworth aliandaa chumba chenye vitu vya kuchezea. Mtoto wa mwaka mmoja hivi anaingia na mama, mgeni anakuja, mama anatoka kwa dakika tatu, kisha anarudi. Kilichomfundisha zaidi hakikuwa kilio cha mtoto mama anapotoka, bali jinsi mtoto anavyompokea anaporudi. Mtoto mwenye imani na mama yake humwendea, hubembelezwa, hutulia, kisha hurudi kwenye michezo.

Kwa hiyo yaya afike mapema, saa nzima kabla hamjaondoka. Akae chini sakafuni, asimnyakue mtoto; amwache asogee mwenyewe. Mama azungumze na yaya kwa furaha, kwa kuwa mtoto wa umri huu husoma uso wa mama kabla ya kuamua kama mgeni ni wa kuogopwa. Kisha muageni waziwazi. Kutoroka kwa siri kunamfundisha kuulinda mlango tu. Mwachieni kanga aliyoivaa mama mchana apate kuishika na kuinusa akiwa macho, ila isilale naye kitandani. Na kabla ya yote hayo, iulizeni kampuni iliyomleta kama yaya amefunzwa huduma ya kwanza kwa mtoto aliyepaliwa au aliyeacha kupumua, na kama rekodi zake za polisi zimekaguliwa.

Mchana adui ni joto. Julai Orlando hufika nyuzi 33 za Selsiasi, tena kwa unyevu mwingi. Ngozi ya mtoto ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, naye hatoi jasho kama mtu mzima, kwa hiyo hupata joto upesi. Kufunika kigari chake kwa blanketi ili kumkinga jua ni hatari: hewa haipiti, na ndani hupanda joto. Wa chini ya miezi sita anywe maziwa tu, mara nyingi zaidi. Kila bustani ina kituo chenye kiyoyozi cha kunyonyesha na kubadilisha nepi; kitumieni saa za jua kali. Fataki za usiku nazo zina kishindo kikubwa kwa masikio madogo, kwa hiyo mvalisheni vizuia sauti au mkae mbali. Kwenye michezo ya kasi, bustani hizi huruhusu mzazi mmoja apande huku mwenzake akimshika mtoto, kisha wapokezane bila kupanga foleni upya.

Mchana, basi, hupangika. Usiku ndio wa kuamuliwa mapema, na ushauri wangu kwa wenye mtoto wa miezi saba hadi kumi na minane ni huu: yaya asipoweza kuja mapema, ahirisheni huo mtoko.