Stika kuukuu zisile faida ya gari

WAFANYABIASHARA wanaonunua magari ya mizigo yaliyokwishatumika na kuyauza tena hukagua injini, giaboksi na matairi kabla ya kukubaliana bei. Jambo ambalo wengi huliacha mpaka siku ya mwisho ni stika za mwenye gari wa zamani, zilizobandikwa milangoni na ubavuni. Kazi hiyo hukabidhiwa kijana wa kuosha magari pamoja na wembe na chupa ya tina, na hapo ndipo faida inapoanza kuvuja.

Jijini Dar es Salaam si ajabu kukuta kirikuu au Haisi iliyotoka Japani ikiwa bado na maandishi ya Kijapani ya duka au kampuni iliyokuwa ikiitumia. Mengine ni magari ya hapa hapa nchini yaliyofanya kazi ya kusambaza bidhaa, yenye jina, nembo na namba za simu za mwenye mali wa awali. Mnunuzi wa gari la namna hiyo huweza kupata bei nafuu, lakini hurithi pia kazi ya kulisafisha.

Hesabu ya mlango mmoja

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mfanyabiashara amepata gari kwa shilingi milioni 12, gharama zote zikiwamo, naye anatarajia kuliuza kwa milioni 13. Mlango mmoja ukikwaruzwa na mteja akadai apunguziwe shilingi 400,000, punguzo hilo ni kama asilimia 3 tu ya bei ya gari. Kwa muuzaji, hata hivyo, ni asilimia 40 ya faida yake.

Akiamua kuupuliza rangi upya mlango huo, hasara huja kwa njia nyingine. Rangi mpya ni vigumu kulingana kabisa na ile iliyopauka ya pande nyingine za gari, na mteja mjuzi akiona tofauti hiyo hushuku kuwa gari liliwahi kugongwa.

Wapo wanaoona heri kuiacha stika ilivyo. Nako kuna hatari yake. Mwaka 2013, fundi bomba mmoja wa jimbo la Texas, Marekani, alibadilishana gari lake la pikapu kwa muuza magari. Kwa mujibu wa madai aliyoyafikisha mahakamani baadaye, alianza kubandua stika ya biashara yake mlangoni, lakini muuzaji akamzuia kwa maelezo kwamba rangi ingeharibika. Gari liliuzwa kwa mnada na kupelekwa Uturuki. Desemba 2014 picha yake ilionekana kutoka vitani Syria, likiwa limefungwa mzinga nyuma, jina la biashara na namba ya simu vikisomeka mlangoni. Mwenye jina alipigiwa simu nyingi za vitisho, na mwaka 2015 akamshtaki muuzaji huyo akidai fidia ya zaidi ya dola milioni 1.

Kwa nini stika hung'ang'ania

Stika za magari hutengenezwa kwa vinaili, aina ya plastiki iliyolainishwa kwa kemikali ili ikunjike na kufuata umbo la bodi. Miaka ya jua huondoa ulaini huo. Vinaili hukauka na kupasuka vipande vipande kama ganda la yai, huku gundi ya chini ikizidi kushika.

Chini ya gundi hiyo kuna utajiri mwembamba sana. Rangi ya kiwandani pamoja na praima na klia huwa na unene wa kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ndizo hufanya milimita 1. Wembe mmoja uliolala vibaya hupenya tabaka hizo zote hadi kwenye bati, na bati la gari linalofanya kazi pwani, penye hewa ya chumvi, halikawii kushika kutu.

Tina nayo ni adui. Hutumika kuyeyushia rangi, hivyo haibagui gundi na rangi, hasa ikiwa mlango uliwahi kupulizwa rangi gereji. Petroli haifai kwa kuwa huwaka upesi mno.

Joto, mkono na subira

Hatua ya kwanza ni kuliosha gari kwa sabuni na maji mpaka mchanga wote uondoke, kwani chembe moja chini ya kitambaa hutosha kuchora mstari. Kisha stika ipashwe joto. Draya ya saluni inatosha. Wasio nayo hutumia kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, au huliacha gari juani saa moja ya mchana. Mashine ya hewa moto ya gereji ishikwe na fundi aliyeizoea, kwani baadhi yake hutoa hewa ya zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi na huweza kuivimbisha rangi. Kipimo rahisi ni kiganja: bati likiwa la moto kiasi cha kutogusika, joto limezidi.

Stika ikishalainika, pembe yake huinuliwa kwa ukucha au kadi ya plastiki, kamwe si kwa chuma. Huvutwa polepole ikiwa imekunjwa nyuma, karibu kulala juu ya bodi, huku joto likitangulia mbele ya mkono. Ikivutwa kwa nguvu kuelekea nje, huacha gundi au huondoka na rangi. Kwa sababu hiyo kazi ianzie sehemu ndogo isiyoonekana sana. Rangi ikianza kufuata stika, mlango huo ulipakwa upya bila maandalizi mazuri, na ni busara kusimama na kumwita fundi wa rangi.

Gundi inayobaki huondolewa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa au spiriti, bati likiwa limepoa, kivulini na mbali na moto. Huachwa dakika chache ilainike, hufutwa, kisha mahali hapo huoshwa kwa sabuni.

Kivuli cha jina la zamani

Baada ya yote hayo, jina la zamani huweza kubaki likisomeka kama kivuli. Huo si uchafu. Rangi iliyofunikwa na stika haikupigwa na jua, ilhali ya pembeni imepauka. Kompaundi laini hupunguza tofauti hiyo kwa kuondoa tabaka iliyochakaa ya pembeni, na nta hufuata ili kulinda rangi. Lakini kila mpako wa kompaundi hupunguza unene wa rangi, kwa hiyo mara mbili tatu zisipotosha, nafuu ni kubandika nembo mpya ya mwenye gari juu ya kivuli hicho.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, mahali pa kufanyia hesabu hii ni pale gari linaponunuliwa. Stika iliyopasuka pasuka ni saa nyingi za kazi, na stika ya miaka mingi juu ya rangi nyeusi au nyekundu huenda ikaacha kivuli kinachoonekana zaidi kuliko juu ya nyeupe. Vyote viwili ni hoja halali za kuomba bei ishuke. Atakayezitaja kabla ya kulipa ataifanya kazi ya kubandua kwa fedha ya muuzaji. Atakayezikumbuka baadaye ataifanya kwa fedha yake.