Munkoyo, sukari na damu yetu: umetaboli kwa mwanafunzi wa Lubumbashi (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tulifuata sukari ndani ya seli mpaka kwenye mzunguko ule ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Leo tuanzie mbali zaidi, kabla sukari haijawa sukari. Kwa somo hili mwalimu wa kwanza ni mama anayetengeneza kinywaji cha munkoyo kule Katuba.

Anapika uji wa unga wa mahindi, mzito, wa kushikamana na mwiko. Mizizi haitii wakati uji unachemka. Anauacha upoe hadi mkono uweze kuvumilia joto lake, ndipo anaingiza mizizi ya munkoyo iliyopondwapondwa. Baada ya saa chache uji umelegea, umekuwa wa kunyweka, na ukiuonja una utamu ingawa hakuna mtu aliyetia sukari. Kesho yake umeshaanza kuchachuka.

Mizizi hiyo ina amilasi, yaani kimeng'enya kinachokata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi vya sukari. Moto mkali unakiharibu, na ndiyo sababu ya kusubiri uji upoe. Amilasi tunayo sisi pia, kwenye mate na kwenye kongosho. Ukitafuna tonge la bukari (ugali), kazi inaanza mdomoni, inakatizwa na asidi ya tumbo, inakamilishwa kwenye utumbo mwembamba. Kisha glukosi inapita kwenye ini na kuingia katika damu ya mwili mzima. Natamani kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alione jambo hili kwa macho yake. Achukue uji kidogo kabla ya mizizi kutiwa, adondoshee tone la maji ya iodini: utageuka bluu ya kuelekea weusi, alama ya wanga. Arudie baada ya saa tatu au nne, aone rangi ile inavyofifia. Gharama yake ni ndogo sana, na jambo aliloliona hivyo hatalisahau upesi.

Glukosi ikishaingia kwenye seli inafungwa fosfeti, inaitwa glukosi-6-fosfeti. Hapo ni njia panda. Inaweza kuchomwa ili kutoa nguvu, inaweza kuwekwa akiba kama glikojeni katika ini na misuli, au inaweza kushika njia ya tatu ambayo wanafunzi wengi huipitia haraka kwa kudhani haina uzito. Kwa watu wetu njia hiyo ya tatu ina uzito mkubwa, na nitakaa hapo.

Chembe nyekundu ya damu haina mitokondria. Haiwezi kuufuata mzunguko wa Krebs hata kidogo, na inaishi siku 120 hivi ikibeba oksijeni, ambayo yenyewe inaweza kuiunguza. Kinga yake inatoka kwenye njia hiyo ya tatu, na mlango wake unafunguliwa na kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Duniani watu wapatao milioni 400 wana upungufu wa kimeng'enya hiki. Gene yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo wavulana ndio wanaoumia zaidi. Upungufu huu umeenea mahali palipo na malaria kwa sababu unampa mwenye nao kinga ya kiasi dhidi ya ugonjwa huo.

Mwaka 1956, mwaka ambao chuo kikuu cha mji wetu kilifungua milango, watafiti wa Chicago walionyesha kwamba upungufu huu ndio uliofanya dawa ya malaria iitwayo primakwini ivunje damu ya baadhi ya watu na kuwaacha wengine salama. Somo hilo halijazeeka. Mwaka 2008 Lapdap, dawa ya malaria iliyolengwa hasa kwa Afrika, iliondolewa sokoni kwa sababu dapsoni iliyomo ilikuwa ikivunja damu ya wenye upungufu. Nyumbani pia kuna hatari: vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kati ya nguo ili wadudu wasizile. Nguo za mtoto mchanga zikikaa navyo kisha akavalishwa, na akawa na upungufu wa G6PD, anaweza kupata manjano makali kiasi cha kudhuru ubongo. Mama wajawazito waambiwe hili waziwazi kwenye kila kituo cha afya.

Uhai wa chembe nyekundu unagusa pia ugonjwa wa sukari. Maabara nyingi leo zinapima hemoglobini iliyoshikwa na sukari, HbA1c, na kiwango cha asilimia 6.5 kinahesabiwa kuwa ni kisukari. Kipimo hiki kinategemea jambo moja: chembe iishi muda wake wote, ili sukari ipate nafasi ya kuigandia. Chembe inayokufa mapema haikusanyi sukari ya kutosha, na jibu linatoka dogo kuliko hali halisi ya mgonjwa. Kwa mtu wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, kipimo hiki hakifai kabisa. Kwa wengine pia kinapungukiwa: tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba Wamarekani weusi wenye AS (waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu), au wenye aina ya Kiafrika ya upungufu wa G6PD, hupata HbA1c ya chini ingawa sukari yao ni ileile ya wenzao.

Tufikirie maana yake kwetu. Upimaji wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 wa Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 1.4 ni SS na karibu 17 ni AS. Mtu mmoja katika kila sita ana damu ambayo mpaka wa asilimia 6.5 haukuwekwa kwa kumtazama yeye! Kwa hiyo nawasihi vijana wanaojiandaa kuingia wodini, katika hospitali ya Sendwe au kwenye Kliniki za Chuo Kikuu: mgonjwa anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyoisha na aliyekonda, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu HbA1c yake ni 6.1. Apimwe glukosi ya asubuhi kabla hajala. Ikifika miligramu 126 kwa desilita, na ikarudia hivyo siku nyingine, jibu limepatikana. Na aulizwe kama amewahi kupimwa AS au SS, yeye au watoto wake.

Juma lijalo tutaingia kwenye kobalti. Madini yaleyale yanayochimbwa Kolwezi yamo, kwa kiasi kidogo mno, ndani ya vitamini B12, wala hatuwezi kuishi bila vitamini hiyo. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Tutaanza na vipimo hivyo, kisha tuone kobalti ikizidi inaifanya nini tezi ya shingo.