Bima na Haki ya Jirani



Njia itokayo mjini Unguja kuja Bububu imezoea magurudumu tangu siku nyingi. Mwaka 1905 kampuni moja ya Kimarekani, jina lake Arnold, Cheney, ilianza kutandika reli kutoka karibu na Ngome Kongwe, ikapita kandokando ya milango ya nyumba za watu, ikafika hapa Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Gari la moshi lilichukua abiria mpaka mwaka 1922, kisha barabara na motakaa zikalishinda. Leo reli haipo. Mahali pake tuna daladala namba 502, malori ya mchanga, magari ya kuchukulia wageni, bajaji, na pikipiki zisizo na hesabu, na katikati yao wote wapita watoto waendao shule na akina mama wenye vikapu vichwani.

Katika nyumba zetu liko neno linalosemwa mara kwa mara, nalo ni hili: “Mungu ndiye bima yangu.” Asemaye hivyo husema kwa imani, wala hatumcheki. Lakini mara nyingi neno hilo hutumiwa na mtu asiyetaka kutoa fedha, au aendeshaye chombo chake pasipo hati, akijificha nyuma ya jina la Mungu. Kwa hiyo yafaa tulipime jambo hili, sisi wenye nyumba na sisi walimu, maana waumini hutuuliza: Je, kukata bima ni upungufu wa imani?

Jibu limo katika Torati, mahali patatu. Katika Kutoka 21 twasoma habari za ng’ombe mwenye desturi ya kupiga watu pembe. Mwenye ng’ombe akiisha kuonywa, asimfunge, na mtu akafa, hatia humrudia yeye mwenyewe. Katika Kutoka 22 twasoma habari za mtu awashaye moto, ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya mwenziwe: aliyewasha sharti alipe. Na katika Kumbukumbu la Torati 22 Waisraeli waliamriwa kujenga ukingo juu ya dari ya nyumba, mtu asije akaanguka, nyumba ikawa na damu juu yake. Nyumba zetu za mawe kule mjini zina dari za namna hiyo, nasi twafahamu vema maana ya ukingo. Mungu hakuwaambia watu wake, “Niaminini, msijenge ukingo.” Aliwaambia wajenge, kwa sababu ya jirani.

Ng’ombe wa leo

Gari ni ng’ombe apigaye pembe, nasi sote tumekwisha kuonywa. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu 1,190,000 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wafao wengi ni wale wasio na bati la kuwakinga.

Kwa ajili hiyo sheria yataka kila chombo cha moto kiendacho barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu, ambayo watu huiita bima ndogo. Wengi hawajui maana ya “mtu wa tatu.” Wa kwanza ni wewe mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule utakayemgonga. Bima hii haitengenezi gari lako hata kidogo. Kazi yake ni kumlipa jirani aliyeumizwa, au watu wake akifa, na kwa kawaida mali yake iliyoharibiwa. Basi asemaye “Mungu ndiye bima yangu,” akaendesha bila bima hii, hakuhatarisha mali yake peke yake. Amehatarisha mkate wa mjane wa mtu mwingine.

Na tuseme gharama yake kwa mwaka, pamoja na kodi, ni shilingi 118,000. Ukigawanya kwa siku 365, wapata shilingi 323 kwa siku, fedha isiyotosha chai na andazi. Iko na bima kubwa, ambayo hulipa jirani na gari lako pia likigongwa, likiungua au likiibwa. Hiyo huhesabiwa kwa thamani ya gari. Mathalani gari likiwa na thamani ya shilingi 20,000,000, na ada ikiwa asilimia 3.5, utalipa shilingi 700,000 kabla ya kodi. Si fedha ndogo. Mwenye gari kuukuu aweza kuona bima ndogo yamtosha, na huyo hatumlaumu. Mwenye gari la mkopo au gari limpalo riziki na afikiri sana kabla ya kuiacha ile kubwa.

Hapa Zanzibar liko Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, na kampuni nyingine pia. Wote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Jirani zetu Waislamu wanayo takaful, ambayo watu huchanga pamoja na kusaidiana kwa kanuni za dini yao. Jambo hili si geni kwetu: chama cha kuzikana ni nini, kama si watu wengi kubeba mzigo wa mmoja? Hata neno lenyewe “bima” lilitufikia kwa njia ya bahari, maana Wahindi hulitumia vivyo hivyo, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu.

Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Zanzibar yamtaka mgeni atokaye nchi za nje akate bima ya safari, dola 44 za Kimarekani. Ikiwa mgeni wa siku saba haingii kisiwani pasipo bima, itakuwaje sisi tuishio humu tuendeshe mwaka mzima bila hiyo?

Maonyo kwa wenye vyombo

Kwanza, kata bima kwa wakala anayejulikana, upewe hati na risiti, kisha uhakiki katika mfumo wa TIRA kwa namba ya gari lako. Karatasi ya bandia ni nzuri siku zote, ila siku ya ajali.

Pili, sema kweli. Gari lililoandikwa kuwa la nyumbani, nawe walitumia kuchukua abiria kwa nauli, laweza kukosa fidia. Vivyo hivyo likiendeshwa na asiye na leseni, au na mlevi. Uongo mdogo siku ya kuandikisha huwa hasara kubwa siku ya kudai.

Tatu, punguza mwendo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limekwisha kupita urefu wa nyumba. Kanuni za barabara za Uingereza zaonyesha kwamba gari liendalo kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 hata lisimame, na liendalo kilomita 96 huhitaji mita 73. Mwendo umeongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama imeongezeka zaidi ya mara tatu. Hayo ni kwa barabara kavu. Wakati wa masika nafasi hiyo yaweza kuwa maradufu. Ushikapo usukani karibu na shule, kumbuka hesabu hii.

Nne, funga mkanda, na mpanda pikipiki avae kofia ngumu, yeye na amchukuaye. Shirika la Afya Duniani lasema mkanda waweza kupunguza hatari ya kufa kwa waketio mbele hata nusu. Kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa pikipiki hulinda pikipiki tu.

Tano, tazama magurudumu, breki na taa kila Jumamosi jioni, kama mama atazamavyo nguo za watoto kwa ajili ya ibada ya kesho.

Ajali ikitokea

Sehemu hii ningependa isomwe kwa sauti katika kila nyumba, hata isiyo na gari, maana hapa ndipo maskini wapotezapo haki yao.

Dereva na asimame, asaidie walioumia, aite polisi. Waliopo na waandike namba ya gari, jina la dereva, jina la kampuni ya bima, na majina ya mashahidi. Mwenye simu na apige picha. Aliyeumia na achukue fomu ya polisi, ile PF3, na kutunza kila karatasi ya hospitali. Dereva naye na aipashe habari kampuni yake upesi.

Kisha ndugu wa marehemu au majeruhi wasifanye haraka kupokea. Mara nyingi mwenye gari huja matangani na gunia la mchele na fedha za sanda, watu humshukuru kwa upole wake, huwekwa alama ya kidole kwenye karatasi, na mambo huisha. Mchele huliwa kwa siku tatu. Yatima hubaki miaka kumi na mitano. Kupokea rambirambi si dhambi, na kusamehe ni amri ya Bwana. Lakini kusamehe hakumwondolei yatima haki yake ya fidia, wala fidia hiyo haitoki mfukoni mwa dereva aliyesamehewa, ikiwa bima yake ni hai. Basi msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Mwalimu wa kanisa awasomee, au mtafute mwanasheria kwanza.

Moto nyumbani

Tupitapo njiani kwenda mjini twayaona magofu ya Maruhubi. Jumba lile lilijengwa na Sultani Barghash karibu na mwaka 1880, nalo liliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo na hamamu. Moto haukujali kwamba mwenyewe alikuwa mfalme. Vivyo hivyo mwaka 1666 moto ulioanza katika nyumba ya mwoka mikate huko London uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000, na baada ya msiba ule ndipo watu wa mji huo walipoanza kuanzisha kampuni za bima ya moto.

Umeme wetu hutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 kwa miezi mitatu hivi. Siku za namna hiyo, na hata za giza la saa moja, mishumaa na jenereta huingia majumbani. Mshumaa na uwekwe ndani ya bakuli lenye mchanga, mbali na chandarua na pazia. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba wala barazani penye dirisha wazi, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu, huua watu usingizini. Umeme ukikatika, chomoa friji na pasi, maana nguvu yake irudipo yaweza kuunguza vitu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala taa, wala usizime taa iliyowaka. Fungua milango na madirisha, funga mtungi, toka nje. Mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni: likitoa mapovu, pana tundu. Na mafuta yakishika moto kikaangoni, usimwagie maji, maana moto utaruka. Zima jiko na kufunika kwa mfuniko.

Aliye na nyumba au duka na aulize gharama ya bima ya moto. Lakini aandikishe thamani ya kweli. Nyumba ya shilingi 60,000,000 ikiandikishwa kwa 30,000,000 ili kupunguza ada, na moto ukaharibu vitu vya 10,000,000, kampuni yaweza kulipa 5,000,000 tu, kwa kuwa mwenyewe aliikatia bima nusu. Na asiyeweza kulipa ada hiyo aweza kuweka ndoo ya mchanga karibu na jiko na kuandika namba ya Zimamoto mlangoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Walimu wenzangu, tulifundishe jambo hili katika mafundisho ya amri ya sita. Anayesema “Usiue” na aseme pia habari za breki, za kofia, na za hati ya bima iliyokwisha muda wake. Mungu hutulinda, naye ametupa mikono ya kujenga ukingo wa dari. Kila mwenye chombo na atazame leo tarehe iliyoandikwa kwenye hati yake, kabla ya kutia ufunguo.

Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo.